Kengele Wodi ya Wazazi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nesi wa utafiti kanipa daftari hili na kalamu mbili. Kasema niandike kila siku, hata mstari mmoja, mpaka mvua ziishe. Niandike nini? Chochote, Bibi, sisi hatusomi mambo yako, tunaangalia mwandiko na jinsi sentensi zinavyokwenda. Nikamwambia anayeapa kuwa hasomi ndiye atakayesoma mpaka jalada. Akacheka. Mimi sikucheka.

Jina langu halimo. Juu wameandika Namba 17. Mimi, miaka sabini na moja, niliyefua mashuka ya hospitali kuu miaka ishirini na saba, leo naitwa kumi na saba kama chumba cha gesti. Nimenyamaza kwa sababu utafiti ni wa mjukuu wangu. Nimemlea tangu ana miaka mitatu, mama yake alipofariki. Sasa ni daktari, lakini si wa sindano, ni wa kusoma ubongo. Mtaani wanamwita Daktari wa Vichwa. Mimi namwita mke mwenzangu, kama bibi yeyote.

Amekusanya wazee thelathini na wawili ambao hatukusoma sana. Mimi niliishia darasa la nne, na mwandiko wangu unawashinda wengi wenye vyeti. Tutapimwa kumbukumbu mara mbili, sasa na mwezi ujao. Anasema vipimo vya kichwa vilitengenezwa kwa waliosoma, kwa hiyo mzee ambaye hakuzoea penseli anaandikiwa kuwa akili zimeruka, kumbe yuko sawasawa. Hilo kweli. Nimeliona wodini kwa macho yangu.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Paa la nyumba yetu linavuja palepale, juu ya meza ya kompyuta ya mjukuu. Nimeweka ndoo. Fundi kasema kesho.

Jumatano, 5 Machi

Fundi hakuja.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepimwa. Tulikaa kwenye benchi la korido ya hospitali, ilipokuwa kliniki ya macho, harufu ya dawa ya sakafu ileile ya miaka yote. Kwa kuwa ni bibi yake, mjukuu wangu haruhusiwi kunipima, kwa hiyo nilipimwa na nesi. Kanisomea maneno matano. Kisha nikachora saa, nikachora sanduku, nikahesabu kurudi nyuma. Halafu: haya Bibi, nitajie yale maneno.

Nilipata mawili.

Nesi akasema "Vizuri sana, Bibi," kwa sauti ileile wanayomwambia mgonjwa aliyelowesha kitanda. Ningempa vidonge vyake, lakini nilikuwa bado nayatafuta yale matatu.

Baada yangu akaingia Namba 22, jirani yangu, Mama Cherehani. Huyu mwanamke hata kanisani anakwenda na pini mdomoni. Akatoka anameremeta. "Shoga, yangu yametoka yote matano, kama uzi kwenye kibiringo. Wewe je?"

"Sikuhesabu," nikamwambia.

Kitu kimoja kizuri: Profesa, mkubwa wa mjukuu wangu, alipita akaniamkia "Shikamoo, mama," kainama kabisa, na akaagiza niletewe kiti chenye mgongo. Mtu wa adabu. Mtoto wangu yuko kwenye mikono salama.

Jumatatu, 10 Machi

Mjukuu kaja na habari wakati namenya viazi.

"Bibi, nimeona nafasi."

"Ya kazi?"

"Ya utafiti, kwenye taasisi ya ubongo, ng'ambo. Miaka miwili. Ni ya baada ya udaktari."

"Udaktari si umemaliza?"

"Ndiyo maana inaitwa baada, Bibi."

"Na baada ya baada kuna nini?"

"Kuna kuomba nafasi nyingine."

Nikamwambia kwetu mtu akimaliza kufua anaanika, hafui tena maji yaleyale. Akacheka mpaka akakaa chini. Lakini macho yake hayakucheka. Ameshaomba mahali tisa tangu mwaka jana, na kote tisa wamejibu kwamba wanasikitika. Hii ya kumi wanataka hasa mtu anayechunguza wazee wasiosoma. Ni yeye huyo, wamemchora. Mwisho wa kupokea maombi ni tarehe 30 Aprili. Anahitaji vitu viwili: matokeo ya wazee wote kwa vipimo vyote viwili, na barua ya Profesa ya kumpendekeza.

"Nisipopata hii, Bibi, narudi kufundisha masomo ya jioni. Wakati huo nitakuwa nimeshapitwa. Kwenye kazi hizi ukikaa pembeni miaka miwili hawakuulizi tena."

Jumanne, 18 Machi

Barua ya Profesa haijaandikwa. Kamwambia kesho. Fundi wa paa naye kasema kesho. Labda walisoma pamoja.

Ijumaa, 21 Machi

Presha. Kila Ijumaa wazee wote tunapimwa presha koridoni. Mama Cherehani kauliza tena kama nimeshahesabu.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua ya mawe. Barua bado. Ndoo naimwaga mara tatu kwa siku.

Nimemsikia mjukuu akimsomea Profesa kwa simu ukurasa wa makala aliyomwandikia, ili itakapotoka jina la Profesa liwe mbele na la mjukuu wangu nyuma. Nikamuuliza, "Umepika wewe, anapakua yeye?" Akasema ndivyo ilivyo, Bibi. Kile kiti chenye mgongo naanza kukifikiria vingine.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo ndoo ilifurika nikiwa jikoni. Nimekimbia kuokoa karatasi za mezani. Moja ilikuwa na maneno matano, na juu imeandikwa "Kipimo cha pili".

Kengele. Mchanga. Shangazi. Nyundo. Zambarau.

Nimeyanakili hapa hapa na karatasi nimeirudisha, imekauka, hakuna aliyeona. Usiniangalie hivyo, wewe unayesoma mwandiko. Shuleni kwetu darasa likifeli, mwalimu alihamishwa, na hakuna aliyeuliza kama wanafunzi walikuwa na njaa. Mjukuu wangu anapeleka ng'ambo darasa la wazee, na bibi yake mwenyewe ana mawili kwa matano. Watasema anachunguza nini, magofu?

Ijumaa, 4 Aprili

Nimewafundisha. Wote waliokuja presha.

Njia ni yangu. Kule kwenye chumba cha kufulia hatukuandika, karatasi ingelowa. Wodi zilikuwa tano na kila wodi ina rafu yake: wazazi, upasuaji, watoto, mifupa, macho. Mganga mkuu akija kuuliza shuka gani liko wapi, nafumba macho, natembea kichwani kutoka rafu ya kwanza mpaka ya tano, namtajia. Sikukosea hata siku moja. Basi nikayapanga maneno humohumo. Kengele nimeiweka wodi ya wazazi, inalia mtoto akizaliwa. Mchanga uko upasuaji, umemwagwa sakafuni. Shangazi kaja kuona watoto. Nyundo iko mifupa, hapo hata mjinga hasahau. Zambarau ni jicho la mtu aliyepigwa ngumi.

Wazee walifurahi kama wamepewa peremende. Namba 9, dereva wa lori mstaafu, aliyashika kwa mara mbili tu.

Mama Cherehani akatoa pini mdomoni. "Mimi simo."

"Una nini?"

"Mtoto anataka kujua vichwa vyetu vilivyo. Wewe unampa kichwa chako mara thelathini na mbili. Mimi sitaki kumbukumbu ya kuazima."

Nikamwambia ana roho ya korosho, na kwamba anaogopa wengine wakipata matano yeye hatakuwa na cha kuringia. Alirudisha pini mdomoni, akageukia ukuta.

Ijumaa, 11 Aprili

Tumerudia. Wote wameiva.

Jumanne, 15 Aprili

Vipimo vimekwisha. Nimepata matano. Nesi alitoa macho. Sasa nilihesabu, na nilihesabu kwa sauti, Mama Cherehani asikie. Yeye kapata matatu tu safari hii, usingizi haukumjia, mvua ilipiga bati usiku kucha. Sikumwonea huruma.

Jumatano, 16 Aprili

Fundi kaja! Kaangalia paa, kasema ni kazi kubwa, kaondoka.

Alhamisi, 24 Aprili

Mjukuu kaingia saa kumi alasiri, amelowa mpaka ndani ya viatu, mwavuli ameushika mkononi umefungwa. Kakaa kwenye kigoda changu cha jikoni. Nilimuuliza nani kafa.

"Mimi, Bibi."

Profesa kamwita ofisini, mlango kaufunga. Wazee thelathini na mmoja wamepata matano kwa matano. Mmoja tu ndiye aliyepata matatu. Wazee ambao mwezi uliopita walikuwa wanapata mawili na moja. Kisha akamwekea sauti zilizorekodiwa. Wote wanataja kwa mpangilio uleule. Na Namba 9, yule mpumbavu wa lori, nesi kamwambia taja maneno, yeye akajibu kwa sauti ya mtu anayesoma risala: "Kengele wodi ya wazazi, mchanga wodi ya upasuaji." Wengine wanne vilevile.

"Kaniambia nimepika matokeo ili nipate nafasi. Kaniambia nimefundisha wazee wa watu kama kasuku. Barua haandiki. Na jambo limepelekwa kamati ya maadili."

"Ulimjibu nini?"

"Nimjibu nini, Bibi? Ningekuwa mimi ni yeye, ningesema vilevile."

Nilisimama nikaenda kumwaga ndoo. Haikuwa imejaa.

Ijumaa, 25 Aprili

Sikusema.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua. Sikusema.

Jumapili, 27 Aprili

Kaniuliza, "Bibi, hukusikia wazee wakizungumza lolote pale kwenye benchi?" Nikamjibu masikio yangu si ya zamani. Masikio yangu ni mazima kama ya paka.

Jumatatu, 28 Aprili

Mama Cherehani kaja asubuhi, hana pini hata moja mdomoni. Hapo nilijua hakuja kuzungumzia vitambaa. Hakukaa.

"Utasema wewe au niseme mimi?"

"Niseme nini?"

"Usijitie hamnazo. Tangu Ijumaa mtoto anapita dirishani kwangu kama mgonjwa. Nakupa mpaka jioni."

Miaka kumi na tisa nimeishi ukuta mmoja na mwanamke huyu, nikimwona mwenye maringo. Kumbe hata kwenye maneno matano hakuweza kudanganya, na mimi niliweza bila kutoka jasho.

Nilisema, saa tisa, tukiwa tunakunja nguo. Nilisema huku nimeshika shuka upande mmoja na yeye upande wa pili, kwa sababu shuka linakupa mahali pa kuangalia. Nilimwambia yote, karatasi, ndoo, benchi, wodi. Alilivuta shuka taratibu mpaka likanitoka mikononi.

Nikasubiri anigombeze. Hakunigombeza. Nikakasirika. "Sema basi! Mimi ningekuwa wewe ningeshavunja sahani!"

"Ulijifunza wapi hiyo ya wodi?"

"Kwenye mashuka. Kazini. Nani anifundishe?"

Akaanza kucheka, cheko baya, na machozi yakamtoka pamoja nalo. "Bibi. Watu wanaandika vitabu vizima kuhusu hiyo njia. Wanawaweka watu ndani ya mashine kuangalia ubongo unafanyaje wanapoitumia. Miaka minne natafuta mzee asiyesoma aliyeigundua mwenyewe. Alikuwa ananimenyea viazi."

"Hukuniuliza."

"Hukunionyesha. Ulinionyesha tu kwamba umepata mawili ukanuna."

Sote tulikuwa na makosa, ila langu ndilo lililomla.

Kisha nikamwambia anipime. Hapo hapo, yeye mwenyewe, si kwa ajili ya utafiti. Kasema haina maana tena. Nikamwambia nipime. Akasoma maneno matano mapya. "Bila wodi, Bibi. Yashike tu yalivyo." Tukamaliza kukunja nguo, akauliza.

Nilipata mawili.

Akayaandika nyuma ya bahasha: 2. Hakusema vizuri sana. Hiyo ndiyo heshima pekee niliyopewa mwaka huu.

Jumanne, 29 Aprili

Nimekwenda kwa Profesa. Mama Cherehani kanisindikiza bila kuombwa, na viatu vyake vya kutokea. Safari hii sikuletewa kiti wala sikuamkiwa. Alituacha tumesimama, anaandika.

Nikamwambia, "Baba, aliyefundisha wazee ni mimi. Mjukuu wangu hakujua."

"Mama, bibi gani asingesema hivyo?"

"Mimi nisingesema, kama si kweli. Sina tabia ya kujisingizia."

Mama Cherehani akadakia, "Na mimi nilikuwepo. Namba ishirini na mbili. Mwenye matatu."

Hapo aliinua kichwa. Kauliza zile wodi ni nini. Nikamweleza nusu, nikaona kalamu yake imeacha alichokuwa anaandika na kuanza ukurasa mpya. "Hebu rudia, mama. Rafu ya kwanza ilikuwa ipi?" Mama, sasa. Nikafunga mdomo. Nikamuuliza barua ataiandika? Mwisho ni kesho. Kasema suala liko kamati, kamati itakaa mwezi wa tano, mikono yake imefungwa. Mikono iliyokuwa inaandika mbele yangu.

Jumatano, 30 Aprili

Kaomba bila barua. Katuma matokeo ya kipimo cha kwanza peke yake, na maelezo ya kweli ya kilichotokea kwenye cha pili, kwamba karatasi ilikaa wazi nyumbani kwake na kosa ni lake. Nilimwambia aandike kosa ni la bibi yake. Akasema, "Karatasi ilikuwa yangu, Bibi." Saa sita kasoro ya mchana kabonyeza, kisha akaifunika kompyuta kwa taulo, paa lisije likaimalizia.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua inapungua. Fundi kasema sasa anasubiri ikauke.

Jumatano, 14 Mei

Wanasikitika. Hii ni ya kumi. Wamesema maombi yake yalikuwa na ukweli wa kupigiwa mfano. Kisha wamempa mwingine.

Nesi kanidokeza kwenye korido kwamba Profesa alikuwa na mwanafunzi mwingine aliyeomba nafasi hiyohiyo, na barua ya huyo iliandikwa tangu mwezi wa tatu. Sijui kama ndiye aliyepata. Nesi naye hajui. Ninachojua ni kwamba kwa mwingine kesho ilifika.

Mjukuu kaanza kufundisha masomo ya jioni. Anarudi na chaki kwenye nywele. Anaponiamkia bado anainama. Ningependa angeacha, siku mbili tatu tu, nijue amekasirika na atapona.

Alhamisi, 15 Mei

Mama Cherehani kaleta pindo la pazia alilonishonea. Nikampa kiti. Kakaa.

"Umeshahesabu?" akaniuliza.

"Mawili," nikamwambia.

"Yatosha," akasema, akaweka pini mdomoni.

Ijumaa, 16 Mei

Nesi kasema madaftari yakusanywe leo. Kamati inakaa Jumatatu na inataka kila kitu. Nikamuuliza, mlisema hamsomi? Akaangalia viatu.

Asubuhi nilikaa na daftari hili mapajani na mkasi wa Mama Cherehani. Ukurasa wa tarehe 3 Aprili ungetoka vizuri, bila kuacha alama, mkasi wake ni mkali. Ningetoa na huo wa matusi, na huo wa mjukuu anacheka vibaya tukikunja nguo. Lingebaki daftari la bibi mzuri anayezungumzia mvua. Na mjukuu wangu angebaki mpika matokeo maisha yake yote, kwa sababu maneno ya bibi hayahesabiwi, ila mwandiko wa bibi, wenye tarehe, mlioutaka wenyewe, huo mtauhesabu.

Mkasi nimeurudisha kwa mwenyewe.

Kwa hiyo someni. Soma nawe Profesa, nimekuandika ulivyo. Tarehe 3 Aprili muone nilipoiba, tarehe 4 nilipogawa, tarehe 25, 26 na 27 nilipomwacha mtoto alowe peke yake. Mwandiko haukutetemeka hata siku moja, mtaona wenyewe, maana hilo ndilo mliloniambia mnatafuta.

Nafasi haitarudi, najua. Hamna uwezo huo, na hata mngekuwa nao mngesema kesho. Ninataka jina tu. La kwake lioshwe. Nimefua vitu vichafu kuliko hicho.

Na hilo la rafu na wodi si la kuokotwa. Anayelitaka amwombe mjukuu wangu, kwa barua, na asubiri kujibiwa.

Jina langu msiliweke popote, mliliondoa wenyewe siku ya kwanza. Andikeni: aliyefanya haya ni Namba 17.